Maswali ya Wasomaji kwa Daktari: Tumbo la Kuendesha Linatoka Wapi?

Barua zilizotufikia tangu mvua za masika zianze zimefanana kiasi kwamba nimeweka kando maswali mengine yote, ili kurasa za mwezi huu zishughulikie kuharisha peke yake, au tumbo la kuendesha kama wengi wetu tunavyosema. Nimechagua barua tano na kuzifupisha bila kubadili maana. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ushauri aliopewa mama aliyeiandika ungeweza kumpotezea mtoto wake uhai.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi minane, ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwanangu anaharisha kwa siku ya tatu sasa, choo cha majimaji mara sita au saba kwa siku, na ana homa kidogo. Bibi yake anasema ni meno yanaota, kwa hiyo tusihangaike. Jirani alimfunua mdomo, akanionyesha mahali peupe palipovimba kwenye ufizi, akasema hayo ni meno ya plastiki na kwamba yupo mzee anayeyang'oa, na yasipong'olewa mtoto atakufa. Wifi yangu naye anaona mtoto amebemendwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikujibu kwa simu siku ile ile niliyoisoma barua yako, na nimefurahi kusikia kwamba mtoto amepona. Ninaichapisha kwa idhini yako kwa kuwa mambo matatu uliyoambiwa huambiwa mama wengine wengi, tena na watu wanaowapenda.

Nianze na kuharisha kwenyewe. Mtu huhesabiwa kuwa anaharisha anapopata choo laini sana au cha majimaji mara tatu au zaidi katika siku moja, au mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yake. Nasisitiza kawaida yake, kwa sababu mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata choo laini mara nyingi kwa siku na hana ugonjwa wowote. Katika utumbo wa mtu mzima hupita takriban lita 8 hadi 9 za majimaji kila siku. Kati ya hizo, lita 2 hivi tu ndizo zinazotokana na anachokula na kunywa. Nyingine zote hutolewa na mwili wenyewe kama mate, majimaji ya tumboni, nyongo na majimaji ya kongosho na ya utumbo. Karibu zote hufyonzwa na kurudishwa kwenye damu, na kinachotoka na choo hakijazi hata kikombe kimoja cha chai. Mtu huharisha pale ufyonzaji unapopungua, au utumbo unapomwaga maji kupita kiasi, au yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo kuharisha ni dalili kwamba kuna kitu kimeuvuruga utumbo, na kazi yetu ni kukitafuta kitu hicho huku tukirudisha maji yanayopotea.

Jino linalochomoza kwenye ufizi halina njia ya kuuvuruga utumbo kiasi hicho. Hata hivyo bibi hakukosea katika alichokiona, maana ni kweli kwamba watoto wengi huharisha katika umri wa kuota meno. Kuanzia miezi sita mtoto huanza kupewa uji na vyakula vingine, ambavyo vinaweza kuchafuka kwa maji, vyombo au mikono. Kinga aliyoipata kwa mama yake akiwa tumboni imekwisha kupungua. Anaanza kutambaa sakafuni na uani. Na kwa vile ufizi unamwasha, kila anachokiokota hukipeleka mdomoni. Vimelea humwingia kwa njia hiyo. Meno na kuharisha hukutana katika umri mmoja, lakini kimoja hakikuzaa kingine, na hatari ya kudhani hivyo ni kwamba mtoto huachwa apoteze maji kwa siku kadhaa huku wakubwa wakisubiri jino litokeze.

Kuhusu meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni, sitatafuta maneno laini. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Mahali peupe palipovimba ni mahali ambapo chonge la utotoni linajengeka chini ya ufizi. Kwa umri huo jino halijakomaa, bado ni laini na lina weupe uliofifia, ndiyo maana likichokolewa na kutolewa humshawishi mzazi kwamba kweli lilikuwa kitu cha ajabu. Anayeling'oa kwa msumari, wembe au spoku ya baiskeli humwachia mtoto jeraha mdomoni, tena mtoto ambaye tayari amedhoofika kwa kukosa maji. Watoto wamekufa kwa kuvuja damu na kwa vijidudu kuingia kwenye damu, na waliopona wengi wao wameota meno ya ukubwani yaliyoharibika au hayakuota kabisa mahali hapo. Ninaomba mtu yeyote anayejua mahali huduma hiyo inapotolewa awazuie wazazi kwenda, na awaambie wamwahi muuguzi wa zahanati iliyo karibu.

Na kubemenda? Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama, wala ujauzito mpya hauyafanyi kuwa sumu. Ninachokiona mara kwa mara ni kwamba mama akishika mimba nyingine, mtoto huachishwa ziwa ghafla kwa hofu hiyo hiyo, akapewa uji mwepesi usio na lishe katika chombo kisichooshwa vizuri. Akianza kuharisha na kukonda, wazee husema walionya. Tatizo limetokana na kuachishwa ziwa, na lawama huishia kumdhalilisha mama anayehitaji msaada.

Kwa mtoto wa umri wa mwanao, sababu ya kwanza ninayoifikiria ni virusi, na hasa virusi vya rota, ambavyo hushambulia chembe zinazofyonza maji kwenye utumbo mwembamba. Huanza mara nyingi kwa homa na kutapika, kisha choo cha maji kwa siku tatu hadi nane. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, kwa matone ya mdomoni yanayoanza mtoto anapofikisha wiki 6. Chanjo hiyo haizuii kila aina ya kuharisha, na kwa sababu hiyo baadhi ya mama huniambia haifai kitu. Kazi yake ni kumkinga mtoto na ule ugonjwa mkali wa rota unaomfikisha wodini. Virusi hivi havina dawa ya kuviua, na antibayotiki hazivigusi.

Dawa yake, basi, ni maji, chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, yaani ORS. Changanya pakiti na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1, na usipunguze maji ukidhani dawa itakuwa na nguvu zaidi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kwa kijiko au kikombe, polepole. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee taratibu zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Aendelee kunyonya na kula kama kawaida, maana kumnyima chakula ili tumbo lipumzike humdhoofisha bure. Apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 akiwa hajafikisha miezi sita. Amalize zote hata choo kikishakaza, kwa sababu zinki hupunguza pia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Mkimbize kituo cha afya bila kungoja kupambazuke ikiwa macho yamedidimia, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, hajakojoa kwa saa sita, amelegea na haamki vizuri, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, au choo chake kina damu.

SWALI: Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro. Kila tumbo linapoendesha nakwenda duka la dawa, nanunua vidonge vya amiba na ninapona siku mbili tatu baadaye. Nikipima choo huambiwa nina amiba. Mbona kila mwaka hainitoki?

JIBU: Ndugu yangu, huenda hukuwa na ugonjwa wa amiba mara nyingi kati ya hizo. Kuharisha maji kwa ghafla, ambako kwa mtu mzima mara nyingi husababishwa na virusi au na aina fulani za bakteria wa jamii ya E. koli, hukoma kwenyewe ndani ya siku chache, umeze vidonge au usimeze. Ulipona siku ambazo ungepona hata hivyo, na vidonge vikapewa sifa.

Kipimo nacho kina ugumu wake. Wapo amiba wanaokaa utumboni bila kumdhuru mtu, na mmoja wao anafanana kabisa na yule wa ugonjwa akitazamwa kwa hadubini ya kawaida, isipokuwa pale mtaalamu anapomkuta amiba mwenye chembe nyekundu za damu ndani yake. Kwa hiyo jibu linalosema una amiba, kwa mtu anayeharisha maji tu bila damu, halitoshi kuthibitisha kwamba ndiye aliyekuumiza.

Choo chenye damu na makamasi, pamoja na tumbo kusokota na haja isiyokwisha ya kurudi chooni, ni jambo jingine, nasi tunaliita kuhara damu. Hapo anayeongoza kwa kawaida si amiba bali ni bakteria wa shigela, ambao hushambulia ukuta wa utumbo mpana na huenea kwa urahisi wa kutisha, kwani bakteria wapatao 10 hadi 100 tu wanatosha kumwambukiza mtu. Shigela inahitaji antibayotiki, lakini vidonge unavyonunua wewe haviitibu, na ndiyo sababu mtu wa kuhara damu aonane na mganga wa kituo cha afya kabla ya kupita dukani. Aepuke pia vidonge vya kufunga tumbo, kwa kuwa huchelewesha kutoka kwa vimelea na sumu yao. Na vidonge hivyo wasipewe watoto kamwe.

Niongeze jambo ambalo wateja wa maduka ya dawa huambiwa mara chache: antibayotiki zenyewe huweza kumharisha mtu, kwa kuwa huua hata bakteria wema wa utumboni. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyebadilishiwa dawa mara tatu kwa tumbo la kuendesha, na tumbo likatulia alipoziacha zote.

SWALI: Tulikwenda kwenye shughuli ya harusi Tanga. Saa tatu baada ya kula, watu zaidi ya 20 tulianza kutapika na kuharisha. Kuna wanaosema tulitegwa sumu na jamaa wenye husuda. Je, inawezekana?

JIBU: Muda wa saa tatu unasema mengi. Vimelea vingi vikimezwa huhitaji muda wa kuzaliana, nusu siku hadi siku kadhaa, kabla mtu hajaumwa. Anayeumwa ndani ya saa moja hadi sita, tena akianza kwa kutapika, mara nyingi amekula sumu iliyokwisha kutengenezwa na bakteria ndani ya chakula chenyewe. Kwa maana hiyo sumu ilikuwepo, ila haikuhitaji mtu wa kuitia.

Katika shughuli zetu wali na pilau hupikwa alfajiri kwa masufuria makubwa, ukafunikwa ukiwa na uvuguvugu, na wageni wakala alasiri. Mbegu za bakteria mmoja wa kwenye mchele hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi mbegu hizo huota, bakteria huongezeka na kutoa sumu. Bakteria mwingine hutoka kwenye mikono ya mpishi au mpakuaji, hasa mwenye kidonda au jipu, akaingia kwenye nyama na kachumbari. Sumu zote mbili hustahimili moto, na ndiyo maana kiporo kilichokaa mezani usiku kucha hakiwi salama kwa kupashwa hata kikitoa moshi. Chakula kiliwe kikiwa cha moto kutoka jikoni, au kipozwe upesi katika sinia pana na kuwekwa kwenye jokofu.

Kwa bahati nzuri ugonjwa wa namna hii huisha katika siku moja au mbili kwa kunywa maji ya kutosha. Ninawasihi sana msiache undugu uvunjike kwa sababu ya sufuria la wali lililokaa vuguvugu.

SWALI: Nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, tunachemsha maji ya kunywa kila siku, hatujawahi kuacha. Bado mwaka hauishi bila watoto kuhara. Tunakosea wapi?

JIBU: Kuchemsha mnafanya vyema, na yakishatokota vijidudu vya kuharisha vimekufa. Niambie, hata hivyo, maji hayo huwekwa wapi na huchotwaje. Katika nyumba nyingi nilizozitembelea, maji yaliyochemshwa humiminwa kwenye ndoo au mtungi wenye mdomo mpana, na kila mmoja huchovya kikombe chake, pamoja na vidole vilivyokishika. Maji ya kuchemsha hayana ulinzi wowote ndani yake, hivyo mkono mmoja uliotoka chooni bila kunawa huyachafua yote, na familia huendelea kuyanywa kwa imani. Tumieni chombo chenye kifuniko na bomba, au dumu lenye mdomo mwembamba la kumiminia. Maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yana faida kwamba klorini hubaki ikilinda kwa muda, mradi maji yenyewe hayana tope.

Tazameni vilevile yale ambayo hayapiti kwenye sufuria la kuchemshia: maji ya kusukutulia meno, ya kuoshea matunda na kachumbari, barafu za kwenye mifuko wanazonunua watoto, na nzi wanaotoka kwenye choo cha shimo kisicho na kifuniko hadi kwenye sahani. Kinyesi cha mtoto mdogo, ambacho watu wengi hukiona hakina madhara, hubeba vimelea kama cha mkubwa au kuzidi. Kitupwe chooni, na aliyembadilisha nepi anawe kwa sabuni. Kama ningeruhusiwa kuwapa jambo moja tu, ningewapa kipande cha sabuni na kibuyu chirizi mlangoni mwa choo.

Nawaandikia hivi nikikumbuka kipindupindu, ambacho mwambao wetu unakijua vizuri. Kile kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Tanzania na Zanzibar. Bakteria wake hutoa sumu inayouamuru utumbo umwage maji na chumvi bila kukoma, choo kikatoka kama maji ya kuoshea mchele, na mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Mtu aliyeamka mzima anaweza kufa kabla ya jioni. Lakini hata katika kipindupindu utumbo huendelea kuufyonza mchanganyiko wa chumvi na sukari, kwa kuwa sukari huivuta chumvi na chumvi huyavuta maji. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji hayo, na vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Pakiti zikikosekana nyumbani, tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, na msizidishe chumvi. Madafu ni kinywaji kizuri lakini chumvi yake ni kidogo mno kushika nafasi hiyo, na soda huongeza kuharisha kwa wingi wa sukari. Wakati huo huo mgonjwa awe njiani kwenda hospitali.

SWALI: Nina miaka 58, naishi Bukoba. Ninaharisha kwa wiki tano, si sana, mara tatu au nne kwa siku. Sina homa. Nimepungua uzito kidogo. Nimeacha maziwa bila nafuu. Nifanye nini?

JIBU: Mzee wangu, kuharisha kunakofikisha siku 14 hakuhesabiwi tena kuwa tumbo la kupita, na kwako zimepita 35. Sababu zake ni tofauti na zile nilizozitaja hapo juu, na hazitambuliki kwa kubahatisha. Wapo vimelea kama giadia wanaokaa muda mrefu. Ipo maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na kila mwenye hali yako anastahili kupimwa bila aibu. Ipo kifua kikuu cha tumbo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, magonjwa ya utumbo wenyewe, na kwa umri wako hatuwezi kuacha kuchunguza saratani ya utumbo mpana. Kuacha maziwa lilikuwa wazo zuri, kwa sababu watu wazima wengi wa kwetu hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, lakini hilo lingekuwa chanzo ungepata nafuu ndani ya siku chache, wala lisingekupunguza uzito.

Hukuandika kama unatumia dawa zozote. Nauliza kwa sababu metfomini, ambayo hutolewa kwa wagonjwa wengi wa kisukari, huharisha baadhi ya watu, na hata baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo na za mitishamba hufanya hivyo. Usiache dawa yoyote ya kudumu kwa uamuzi wako. Nenda hospitali ya mkoa wiki hii, ukiwa umebeba kila dawa unayomeza, ya dukani na ya kienyeji, na karatasi uliyoandika tarehe kuharisha kulipoanza na uzito wako wa zamani kama unaujua.